Paka Aliyekataa Kutakata

Mume wangu alimleta ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, Jumamosi asubuhi, akaliweka sebuleni kwetu Kinyerezi na kuniambia nifungue mwenyewe. Nikakutana na macho mawili ya buluu. Sikuwahi kumwona paka mwenye macho ya buluu. Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akatoka uani na mwiko mkononi.

"Ni wa Kisiamu, aina ya paka wenye asili ya Thailand," mume wangu alisema. "Paka wa mwenzangu kazini amezaa."

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Lindi. Kwake yeye paka hulala nje, na kazi yake ni panya. Akamtazama yule mdogo, mweupe kama tui, ana weusi kidogo tu kwenye ncha za masikio.

"Mweupe hivi, kwenye vumbi hili? Mtamfua kila siku."

Mie sikujali. Nilikuwa kama mtoto aliyenunuliwa nguo ya sikukuu. Paka akanifuata chumbani, akanifuata uani, hata bafuni akakaa mlangoni akilalamika. Nikimuuliza jambo, anajibu.

Lakini kila wiki weusi ukazidi. Masikio, kisha pua, kisha mkia, kisha miguu. Mama mkwe alikuwa akipikia mkaa uani, na paka alipenda kujikunja karibu na jiko kuota moto. Kwa hiyo sote tukaamini kwamba anajipaka masizi.

"Lete beseni," mama mkwe akasema siku moja.

Mie nikamshika, yeye akasugua kwa sabuni ya kipande. Paka akalia. Haikuwa nyau ya kawaida. Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga aliyeachishwa ziwa kwa nguvu. Haikupita muda jirani yetu akagonga geti, akaingia na kanga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, ni mtoto gani anapigwa?"

Mama mkwe akamwinua paka, amelowa, amejaa povu, bado anatukana kwa lugha yake. Jirani akakaa chini kwenye kibaraza kwa kucheka. Mama mkwe yeye hakucheka. Alikuwa anatazama ndani ya beseni.

"Mbona maji hayachafuki?"

Ni kweli, maji yalikuwa safi. Nikashikwa na hofu kwamba anaumwa. Nikamkausha, nikamfunga kwenye kanga, nikampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na stendi. Daktari akamgeuza, akamfungua mdomo, kisha akatabasamu.

"Dada, huyu mzima kabisa. Hiyo ndiyo rangi yake, ilikuwa njiani inakuja. Paka wa Kisiamu wanazaliwa weupe. Sehemu za mwili zenye ubaridi ndizo zinazokuwa nyeusi. Tumboni kwenye joto anabaki mweupe. Mshike masikio."

Nikarudi nusu natembea, nusu nakimbia. Nilimweleza mama mkwe yote hata kabla sijavua viatu. Akanisikiliza, akafuta mikono, akamshika paka sikio kwa vidole viwili, kisha akamtia mkono tumboni.

"Kweli," akasema taratibu. "Masikioni kuna baridi, tumboni kuna joto." Akamtazama usoni. "Nisamehe, bibi wewe. Nimekusugua bure."

Paka akamjibu kwa sauti ndefu, mama mkwe akamjibu tena, na kuanzia hapo wakawa wanaongea kutwa. Kila mgeni aliyeingia alishikishwa masikio na tumbo, na mama mkwe akatoa maelezo ya daktari kama yake.

Aliporudi Lindi nilidhani nyumba itapoa. Kesho yake simu ikaita asubuhi. Akaniuliza habari, nikamwambia nzuri, akaniuliza habari za mwanawe, nikamwambia nzuri.

"Haya, sasa nipe mwenyewe niongee naye."

Nikaweka spika. Paka akaruka kitandani, akaisogelea simu, na wakaanza.