Mgongo Usio na Ugonjwa

Rozalia Nyalusi ana umri wa miaka hamsini na mbili na anaishi katika kijiji kilicho juu ya barabara kuu, karibu na Nyololo, wilayani Mufindi. Ujana wake aliumalizia msituni. Marehemu mumewe, Filemoni, alikuwa mpasuaji wa mbao, na yeye alikuwa mmoja wa wanawake waliozibeba mbao hizo kichwani, zikiwa mbichi, kutoka msituni hadi mahali ambapo lori liliweza kufika. Mgongo ulianza kumuuma Rozalia wakati Filemoni bado yu hai. Uliendelea kuuma wakati wa msiba na haujaacha mpaka leo.

Watoto wake wawili wako Ruaha Mbuyuni, kila mmoja na vitunguu vyake vya kumwagilia. Rozalia amebaki na ekari moja ya mahindi mteremkoni. Ekari hiyo ndiyo chakula chake cha mwaka mzima.

Trekta haliwezi kupanda mteremko ule. Watu wa hapa hulima kwa mgowe: majirani huingia shamba la mmoja leo na la mwingine siku nyingine, kila mtu akipimiwa ngwe yake, mpaka mashamba ya wote yamalizike kabla ya mvua. Mwenye shamba hupika chakula na kuandaa ulanzi, pombe ya mianzi. Anayekosa kwenda kwa wenzake bila sababu, wenzake hawaendi kwake. Mgonjwa husamehewa. Shamba lake hulimwa kama la wengine, na yeye hukaa pembeni akimenya viazi vya chakula cha mchana. Hakuna anayemnung'unikia, angalau si kwa sauti.

Kwa misimu kadhaa Rozalia alikuwa mmenya viazi. Alivaa mkanda mpana kiunoni, alitembea na vidonge vyake kwenye mfuko wa plastiki, na ukutani alikuwa ametundika picha ya eksirei aliyopigwa Mbeya. Hakuna mtu kijijini aliyejua kuisoma. Wageni waliitazama, wakatikisa vichwa, wakasema pole.

Vidonge ndivyo vilivyovuruga utaratibu huo. Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alianza kutapika damu. Zahanati ikamwambia tumbo lake limechubuliwa na dawa za maumivu na kwamba akiendelea kuzimeza atakufa kwa tumbo kabla hajafa kwa mgongo. Akaziacha. Mgongo ukabaki peke yake, bila kitu cha kuutuliza.

Ndipo alipoandikishwa kwenye utafiti. Kikundi cha wataalamu kutoka Mbeya kilikuwa kinatafuta watu wenye maumivu ya muda mrefu ya mgongo, magoti na mabega ili kuona ni kwa kiasi gani yanaweza kupunguzwa bila dawa: kwa mazoezi, kwa kupumua, kwa kujifunza kugawa kazi. Aliyepangiwa eneo la Nyololo aliitwa Lusekelo, kijana Mnyakyusa, mtaalamu wa tiba ya viungo, mwenye sauti ya chini na tabia ya kuvua viatu kila anapoingia nyumba ya mtu hata akiambiwa asivue.

Alikuwa amejifunza kusalimia "kamwene" kama watu wa hapa, na kila alipoisema Rozalia alicheka.

"Unaisema kama mtu aliyeungua ulimi, mwanangu."

"Basi nipe maji ya kunywa, mama, tuanze."

Lusekelo alimweleza kwamba mgongo wake ulikuwa kama nyumba yenye mbwa mkali. Zamani mwizi aliingia kweli, mbwa akabweka, na alikuwa na haki ya kubweka. Mwizi ameondoka siku nyingi, lakini mbwa amezoea. Sasa anawabwekea hata wenye nyumba.

"Kwa hiyo tumpige?" Rozalia aliuliza.

"Ukimpiga atazidi. Tumzoeshe polepole kwamba ni wewe unayepita."

Alimfundisha kulala mkekani na kuinua nyonga, kukaa na kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta, kutembea asubuhi. Juu ya yote alimfundisha kupumzika kabla mgongo haujamlazimisha: fanya kazi kidogo, simama, nyoosha, endelea. Aliiona picha ya ukutani, akaishusha, akaitazama kwenye mwanga wa mlango na kumwambia kwamba haikuonyesha chochote cha kuogopesha. Mifupa ilikuwa imechakaa kama ya mtu yeyote wa umri huo.

Rozalia alilia siku hiyo. Kwa miaka yote alikuwa anaamini kwamba ndani yake kuna kitu kimekatika.

Maendeleo yake hayakuwa makubwa, lakini yalikuwepo. Alianza kuchota maji kwa ndoo ndogo. Kanisani alisimama wimbo mzima. Mkanda aliuvua, kwa sababu Lusekelo alisema unaufanya mgongo uwe mvivu, akautundika msumarini. Na kijiji kizima kikaona kwamba ameuvua.

Msimu wa kulima ulipofika, swali lililetwa na wifi yake, Esnath, dada wa Filemoni, ambaye ndiye anayeongoza mgowe wa upande wao. Esnath ana mdomo mkali na jembe kali zaidi.

"Wifi, mwaka huu unakaa upande gani? Wa viazi au wa jembe?"

"Nitalima. Ila kidogo kidogo, kwa kupumzika. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Kupumzika katikati ya ngwe? Wifi, kaka yangu alikuoa wewe au alioa kiti?"

Wanawake walicheka. Rozalia alicheka pia, maana utani wa mawifi hauna majibu mengine. Lakini alielewa uzito wake. Kwenye mgowe safu husonga pamoja kwa wimbo, na anayebaki nyuma ngwe yake inaachwa ikisimama na majani yake kama kisiwa, mwenye shamba akiitazama. Anayesimama na kujinyoosha huambiwa anahesabu mawingu. Akamwomba Lusekelo aje azungumze nao.

Hilo lilikuwa kosa, na lilifanywa kwa nia njema na watu wote wawili.

Lusekelo aliwakuta wanawake mapumzikoni, wamekaa kando ya shamba la jirani, majembe yamelazwa. Aliwasalimia vizuri, akawashukuru, kisha akawaeleza, kwa mfano wake ule wa mbwa, ukweli aliokuwa akiwaeleza watu wote wa utafiti wake. Mama Rozalia asiogopewe. Mgongo wake ni imara. Kazi ya kiasi haitamdhuru, tena itamsaidia, mradi apumzike kwa zamu.

"Ngoja, daktari," alisema Esnath. "Haujavunjika?"

"Haujavunjika."

"Haujapinda?"

"Umepinda kidogo tu, mama. Labda kama wako."

"Na ile picha ya ukutani?"

"Ile picha haina ugonjwa."

Esnath aliwageukia wenzake. "Mmesikia. Picha haina ugonjwa. Tumeilimia picha misimu yote hii."

"Lakini maumivu yake ni ya kweli," Lusekelo aliharakisha kusema. "Mtu anaweza kuumwa sana bila kitu kuvunjika."

"Hilo tunalijua. Haya, nani hapa haumwi mgongo? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Nani anaumwa?"

Ilinyooshwa yote, hata ya wasichana wawili walioolewa mwaka huo huo. Lusekelo alikuwa amekuja kumtetea mtu mmoja, na mbele yake walikaa watu ambao utafiti wake ungeweza kuwaandikisha wote. Alibaki ameshika kofia yake. Alisema kwamba wao pia wangefaidika na mazoezi. Mmoja akamuuliza kama mazoezi hayo yanapalilia.

Hukumu haikutangazwa, lakini kila mtu aliijua. Rozalia hakuwa mgonjwa tena, kwa ushahidi wa daktari mwenyewe. Kwa hiyo alitakiwa kuwa mzima, kwa ngwe kamili, kwenye kila shamba. Asipofanya hivyo, ekari yake ingebaki na majani.

Lusekelo aliporudi, alimkuta ameketi mlangoni. Mazoezi hayakuwa yamefanyika.

"Rudi uwaambie ulikosea," Rozalia alisema.

"Mama, siwezi kuwaambia uongo."

"Sikuombi uongo. Waambie naumwa."

"Niliwaambia unaumwa."

"Uliwaambia sina ugonjwa. Huku hayo ni maneno mawili tofauti, mwanangu. Anayeumwa ni kila mtu. Mwenye ugonjwa ndiye anayelimiwa."

Lusekelo alimshauri alime shamba lake mwenyewe, kipande kidogo kila asubuhi, kwa namna ile ile ya kupumzika. Kwa mgongo, ushauri ule ulikuwa sahihi. Rozalia aliujaribu. Alilima, akasimama, akanyoosha, akaendelea, na mgongo haukulalamika sana. Lakini alipoinua macho na kutazama sehemu iliyobaki mpaka kwenye miti ya mpakani, aliona kwamba kwa mwendo ule mvua ingemkuta kwenye robo. Jioni aliosha jembe, akaenda kwa Esnath, akasema kesho atakuwepo.

Kesho yake ilikuwa zamu ya shamba la Esnath mwenyewe. Rozalia alipimiwa ngwe sawa na wengine. Safu ilipoanza kusonga alisonga nayo. Hakusimama. Wanaokumbuka siku hiyo wanasema alilima vizuri, jembe likiingia mpaka mpini, na kwamba katikati ya asubuhi alianza hata kuongoza wimbo.

"Mmeona?" Esnath alipaza sauti. "Mbwa wa daktari amenyamaza!"

Rozalia alicheka hadi akafuta machozi. Baadaye alisema kwamba kwa muda ule alikuwa na furaha ya kuwa ndani ya safu, bega kwa bega na watu, kitu ambacho hakuwa amekipata tangu aanze kumenya viazi. Maumivu yalikuwepo tangu mwanzo. Aliyaacha yapande.

Alimaliza ngwe yake. Aliposhika kiuno ili anyooke, hakunyooka. Alitembea kwenda nyumbani akiwa ameinama, jembe likiwa fimbo yake, na wanawake wakaacha kucheka mmoja baada ya mwingine.

Zamu yake ilipofika, alikuwa kitandani. Walikuja wote. Walipika wenyewe kwa unga wake, wakalima ekari nzima kwa siku moja, na hakuna aliyesema neno kuhusu picha. Faustina, jirani wa upande wa chini, aliingia kumpa uji na kumsaidia kwenda chooni. Akimbeba karibu mzima mzima, alisema, "Dada, mwili wako umekuwa mwepesi."

Lusekelo alikuja mara moja zaidi. Alimkagua miguu, akamwambia akanyage kiganja chake kwa vidole, akaridhika kwamba mishipa ya fahamu haijaguswa. Alimweleza kwamba maumivu yamechochewa upya tu, hakuna kilichovunjika, na kwamba yatashuka akianza tena na mambo madogo: kuinua nyonga, kukaa, kuinuka. Yote yalikuwa kweli. Rozalia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba asije tena.

"Nimekukosea, mama?"

"Hapana. Wewe unatibu mgongo. Mimi nina shamba."

Mvua ilianza siku chache baadaye. Kulima ni kazi ya wote, lakini kupanda ni kazi ya kila nyumba, na siku za mvua za kwanza hakuna nyumba yenye mtu wa ziada. Watoto walipiga simu kutoka Ruaha Mbuyuni. Vitunguu vilikuwa vinang'olewa. Ekari ya Rozalia ilikaa wiki nzima, nyekundu, imelainika vizuri, bila mbegu. Majani membamba yakaanza kuchomoza.

Esnath alikuja asubuhi moja, akavua mabuti yenye matope mlangoni na kukaa ukingoni mwa kitanda. Hakuleta utani wowote.

"Wifi, udongo uliolimwa hauachwi hivi. Mbegu ninazo zimebaki. Nipande mimi kwa mwaka huu? Wakati wa mavuno hutakosa kitu, nitakugawia."

Rozalia alijaribu kujiinua kwa kiwiko, akashindwa.

"Utanigawia kiasi gani?"

"Wifi, tutaona yatakavyotoka."

Nje, binti za Esnath walikuwa wameshafika na kamba ya kupandia. Walikuwa wanaivuta kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine, wakiitana waikaze.

"Panda," Rozalia alisema, kisha akaomba mlango ufungwe.