Gauni la Vifungo vya Mbele

Pélagie, mke wa Ndikumana, hakuwa mtu wa kelele. Nawaambia mapema, kwa sababu watu wakisikia habari yake wanamfikiria mwanamke wa kugombana sokoni, mikono kiunoni. Sivyo. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kukata. Akishika makasi, hata kuku wa jirani walipita pembeni.

Alizaliwa Katogota, katika bonde la Ruzizi, kwa wazazi waliolima pamba na mihogo. Alipoolewa alikuja kukaa Nyamianda, hapa Uvira, kwa kuwa Ndikumana alipakia mizigo kwenye meli pale bandari ya Kalundu. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatupangia kila kitu, mpaka namna mwanamke atakavyofunga gauni lake.

Msicheke, ni kweli.

Kulikuwa na nyumba moja iliyoitwa Foyer, ambako wanawake wa mtaa walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupika supu. Mkubwa wake alikuwa mama wa Kizungu. Wote walimwita Madamu, basi. Msaidizi wake, Apolline, alikuwa msichana wa hapa hapa aliyesoma kwa masista, na ndiye aliyegeuza Kifaransa cha Madamu kuwa Kiswahili. Pélagie aliwapita wenzake wote kwa ufundi wa mkono. Kwa hiyo Madamu alimwazima mashini ya kushona, ile ya kuzungusha kwa mkono, akae nayo nyumbani. Katika Nyamianda nzima hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye mashini ndani ya nyumba. Aliifunika kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, na watoto walikatazwa hata kupumua karibu yake.

Sharti lilikuwa moja: ashone kwa patroni ya Foyer. Patroni ni zile karatasi za kukatia nguo, nazo zilitoka Ubelgiji. Gauni la patroni hiyo lilikuwa zuri, tusilisingizie. Kifua peke yake, sketi peke yake, vikaunganishwa kiunoni. Mikono ilikatwa peke yake, ikaingizwa begani kwa kubembelezwa. Kola ya duara. Mikunjo midogo ya kubana kifua. Na nyuma, kutoka shingoni mpaka chini ya kiuno, mstari wa vifungo.

Nyuma!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwanamke wa kwetu mgongo wake si wake, ni wa mtoto. Asubuhi anainama, anamtupa mtoto mgongoni, anafunga kitambaa, anakwenda naye shamba, mtoni, kanisani. Mtoto akilia anazungushwa mbele, ananyonya, anarudishwa. Aliyechora patroni ile hakuwa na habari hiyo, na hatumlaumu. Lakini Pélagie alikuwa nayo, na bado alishona vile alivyoambiwa.

Gauni la kwanza lilikuwa la jirani yake Geneviève, mwenye mtoto wa kunyonya. Alilivaa Jumapili. Misa haijafika katikati, mtoto akaanza kulia. Akamtingisha, wapi. Akataka kumnyonyesha, kumbe vifungo viko nyuma, chini ya mtoto mwenyewe. Ikabidi atoke nje, na wamama wengine watoke kumfungua kama gunia. Walipomshusha mtoto walimkuta na alama za duara, kuanzia kifuani mpaka tumboni.

“Mama wee!” mmoja akapiga kelele. “Mutoto anapigwa kashe, muhuri, kama barua ya posta!”

“Na hiyo barua iko inaenda wapi?” mwingine akauliza. “Bukavu ao Bulaya?”

Walicheka mpaka katekista akatoka kuwanyamazisha. Geneviève hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa Pélagie, mtoto mkononi, gauni wazi mgongoni.

“Mama Kizito,” akasema, maana mtoto wa kwanza wa Pélagie aliitwa Kizito, “weye ni rafiki yangu ao ni adui?”

“Nimefanya nini?”

“Jana nilikuwa naijaribu hapa nyumba: asubuhi bwana yangu ananifunga vifungo kama muntu anafunga mbuzi, anachelewa kazi. Magharibi anarudi amechoka, namwambia nifungue, anasema lala navyo! Sasa angalia kifua ya mutoto. Minye sitavaa tena hii kitu.”

Pélagie alimwangalia mtoto. Akapitisha kidole juu ya alama zile, moja baada ya nyingine.

Kesho yake alichukua mfuko wa simenti ambao Ndikumana alikuwa ameuokota bandarini, akaupasua, akaukung'uta vumbi, akautandaza juu ya mkeka. Akaweka patroni ya kifua juu ya patroni ya sketi, kiuno juu ya kiuno, akachora kwa kaa la moto lililozimika mstari mmoja kutoka kwapani mpaka chini. Mshono wa kiuno ukafa hapo hapo. Mikunjo ya kifua akaiondoa. Anayetaka kiuno kionekane atajifunga mkanda. Kola akaitupa. Mikono akaiunganisha na bega, ikatwe pamoja na mwili kama kitu kimoja. Nyuma akakunja kitambaa ili mgongo uwe kipande kimoja, laini, kisicho na kitu. Uwazi akauleta mbele, kutoka shingoni mpaka chini ya maziwa, na vifungo vichache tu.

Ndikumana alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza kutoa.”

“Na gauni iko wapi?”

“Ni ile inabakia.”

Lakini msidhani lilikubali mara moja. Alipolishona, Geneviève alilijaribu, akainama, akamtupa mtoto mgongoni, akainua mikono kufunga kitambaa, praa! Likachanika makwapa yote mawili.

“Hii iko gauni ya maiti,” akasema. “Haipende muntu ainue mikono.”

Pélagie akalivua, akakata vipande vidogo vya pembe nne, akavishonea chini ya kwapa, pembe moja ikielekea mkononi na nyingine ubavuni. Geneviève akainua mikono tena. Akainama. Akaruka. Mtoto alikuwa amelala.

Baada ya hapo wanawake wakaanza kuja, huyu akimleta huyu, na habari ikafika Foyer. Ilifika vibaya, maana Madamu alikuwa anatayarisha siku ya kuonyesha magauni mbele ya mabibi kutoka Bukavu. Apolline akatumwa.

“Yaya Pélagie,” akasema, maana alimheshimu kama dada mkubwa, akiwa bado amesimama, “Madamu anasema hizo gauni si za Foyer. Zile umeshona, uzirudilie kwa patroni. Ao mashini irudi.”

“Anazichukia juu ya nini?”

“Anasema kufungua mbele ni kwa nguo ya jikoni. Anasema unaharibu.”

“Na weye unasema nini?”

Apolline akaangalia viatu vyake. “Minye ninageuza maneno tu.”

“Basi geuza na haya: nitakuja mwenyewe.”

Jioni wakati wa kula Ndikumana alijaribu kumtuliza. “Mama Kizito, shona moja kwa namna yao. Moja tu, mashini ibakie. Nani atajua?”

“Mutoto wa Geneviève atajua.”

Ndikumana akarudi kwenye sahani yake.

Mjue aliipenda mashini ile. Asubuhi aliipangusa, akatoa nyuzi zilizonasa chini ya sindano, akaitia mafuta kama vile itabaki. Kisha akamfunga mtoto wake mdogo mgongoni, akajitwisha mashini kichwani, akatoka akiwa amevaa gauni lake mwenyewe, la vifungo vya mbele. Angeweza kupita njia ya nyuma ya nyumba. Alipita barabara kubwa, katikati ya soko.

“Mama Kizito, unahama?” wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakamwita.

“Ni mashini inahama. Minye nabakia!”

Madamu hakumkaripia, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Angepiga kelele, ingekuwa rahisi. Alimpa kiti. Akasema, na Apolline akageuza, kwamba hataki kumpoteza mshonaji kama yeye. Ashone gauni moja tu inavyopaswa, na mashini irudi naye leo leo. Akagusa hata kichwa cha mtoto.

Pélagie aliisogeza mashini juu ya meza, upande wa Madamu.

“Mwambie asante,” akasema. “Kushona walinifundisha hapa. Lakini huu mugongo sikuupewa hapa. Sitarudisha vifungo nyuma.”

Madamu akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema neno moja fupi. Apolline hakuligeuza, halikuhitaji. Pélagie akasimama, akachukua kitambaa chake cheupe, “hiki ni changu”, akakitia mkononi, akaondoka. Njiani alilia, sitawaficha. Alilia akitembea, wala hakupunguza mwendo.

Watu walisema kushona kwake kumekwisha. Lingekuwa lile gauni la Foyer, kweli kungekwisha. Nani ataingiza mikono ile na kola ile kwa sindano ya mkononi, na nyumba ina kazi? Lakini lile la kwake lilikuwa na mabega, mbavu, upindo na vile viraka vya kwapani, basi. Mwanamke alileta kitambaa, Pélagie akakata, na mwenye kitambaa akakaa hapo hapo kwenye mkeka kushona la kwake. Asiyejua alionyeshwa na aliyejua jana. Walitoka hata kijiji cha Nyakabere na mifuko yao ya simenti, wakachora, wakaenda nayo. Siku ya mabibi wa Bukavu ilifika, magauni ya vifungo vya nyuma yakapigiwa makofi, ikapita. Jumapili iliyofuata wanawake walipiga magoti kanisani, na watoto walilala migongoni.

Mwaka uliofuata Apolline, aliyekuwa ameolewa na kuzaa, alikuja kwa Pélagie akipitia nyuma ya jiko, mtoto mgongoni, kitambaa kimefichwa chini ya nguo.

“Yaya, unikatie. Lakini Madamu asijue.”

“Kwangu hatukate kwa kujificha,” Pélagie akasema. “Beba mukeka. Tunakaa mbele, kando ya barabara.”

“Na wakiniuliza?”

“Utageuza maneno. Si ni kazi yako?”

Apolline akasita, halafu akacheka, akabeba mkeka. Wakatandaza kitambaa mahali ambapo kila mpita njia angekiona, wakakikunja upande wa mgongo, na Pélagie akaingiza makasi. Geneviève alikuwa anapita na ndoo kichwani.

“Apolline!” akaita. “Huyo wa kwako hawatamupiga kashe?”

Apolline akaangalia upande wa juu wa barabara, akaangalia upande wa chini, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka Foyer.

“Huyu haende posta!”