Walisema Nimeivunja Dawa kwa Kuvuka Mto

Admin, ficha jina langu lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, nimeolewa huku Shinyalu, sijaondoka na siondoki.

Miaka ya tisini binti yangu alijikata mguu na jembe shambani. Kidonda kikafura, joto likapanda, akaanza kuweweseka. Mama mkwe, ambaye watu walikuwanga wanamfuata kutoka Khayega kwa dawa za miti, akasema damu imechafuka. Akabandua gome upande wa jua kuchomoza na upande wa kuzama, akachemsha. Sharti lake ni moja: mgonjwa akishaanza kunywa, asivuke mto mpaka dawa imalizike. Akivuka, ameivunja. Na hospitali iko ng'ambo!

Mtoto akanywa, akazidi kuwaka moto. Nikasema naenda. Mume wangu akasimama mlangoni: "Hata yule mwanafunzi wa chuo kikuu alisema gome la Mama linaua viini vya ugonjwa!" Kweli, mwanafunzi huyo alikuwa amekuja kwetu, akachukua gome akalipima. Lakini mimi nilimuuliza, akanijibu, "Mama, limeua viini kwenye kisahani cha maabara. Kwa damu ya mtu bado hatujui." Wao walisikia nusu tu. Nikamwambia mume wangu, "Mtoto wangu si kisahani!" Nikamsukuma, nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka.

Daktari alisema viini vimeingia kwenye damu, ningechelewa kidogo ningemzika. Akapona kwa sindano na maji ya mshipani. Mimi miti siidharau, kikohozi natibu nayo hadi leo. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe hajagusa obusuma, yaani ugali, niliosonga mimi.

Sasa amezeeka, yuko kitandani, na ukoo unataka nisimame mbele ya watu niombe msamaha, niseme gome lake ndilo lilimponya mtoto, ndio afe na amani. Kinachoniuma zaidi ni binti yangu mwenyewe: "Mama, sema tu. Ni maneno." Ati maneno! Wanawake wote wa boma hili watakuwa wananisikia, wengine wamebeba vichanga. Kesho mtoto wa mmoja wao akiwaka moto, atakumbuka nilichosema, atabaki nyumbani.

Mama mkwe nampenda, msicheke. Nitamwogesha, nitamshika mkono. Uongo huo sisemi. Sasa nyinyi nishaurini: nitamuagaje mama huyu vizuri bila kumzika mtoto wa mtu mwingine?