Jiwe la Kumbukumbu Nililomsomea Baba Mkwe

Waliosema nitarudi Unguja na koti tu, leo wananiamkia kama msomi mwenye diploma ya London. Lakini siku moja diploma hiyo nusura initose.

Mzee Hamad, baba yake Zuhura, alikuja London kunipima kabla ya kuniozesha bintiye. Nikamtembeza mashambani, nje ya jiji. Kando ya njia tukakuta jiwe la kumbukumbu, nusu limefunikwa na majani. Nikamsomea kwa madaha: “Alilitumikia shamba hili kwa uaminifu. Tunamlilia.”

“Maskini, mtu mwema,” akasema mzee.

Bibi mwenye shamba alikuwa akipita. Kwetu hupiti penye msiba bila kutoa pole, nami nikampa mkono na Kiingereza changu chote.

“Muulize, kaacha watoto?” mzee akaninong’oneza.

“Kumi na mmoja,” bibi akajibu, machozi yakimlenga. “Wawili walishinda mbio.”

Nikatafsiri kwa majivuno. Bibi akainama, akayaondoa majani. Kikatokea kichwa cha farasi, kimechongwa vizuri kabisa.

Mzee alicheka hadi akakaa chini. “Zuhura nakuoza, mwanangu. Ila mawe atakusomea yeye.”