Krimu Iliyopanda Boda Kwenda Ukweni

Wacha niseme mapema, kwa sababu Njeri ameshawasimulia watu wengi na kila mara anaongeza chumvi: ndiyo, mimi ndiye yule mwanaume aliyemmwagia mama mkwe maziwa mapajani siku ya kwanza kabisa kuonana naye, akiwa na nguo yake ya kanisa, mbele ya mume wake na mbele ya baba yangu mdogo, halafu nikabaki nimesimama pale na kifuniko cha kopo mkononi kama mtu anayengoja kupigwa picha. Ni mimi. Chekeni kwanza, halafu mniache nieleze.

Kazi yangu ni kuoka skonzi. Sisemi zile laini za pakiti za dukani, hapana, nasema zile za kukatwa katikati, nje zimekauka kidogo na ndani ni nyororo, zile za kuliwa na jemu na krimu, ambazo nilijifunza jikoni kwa hoteli moja kabla haijafunga na kutuacha mataani. Siku hizi naoka mwenyewe hapa Kianda, Kibera, kwa oveni ya makaa, napelekea mikahawa ya watu, na Njeri mwenyewe nilimpata kupitia skonzi (alinunua moja, akarudi kesho yake, hayo mengine hayawahusu).

Sasa mama yake. Mama Njeri ana ploti Kawangware na ng'ombe wawili nyuma ya ploti, na wapangaji wake wakisikia tu anakohoa pale getini, redio zote zinashushwa sauti. Nilikuwa namwogopa kabla sijamwona. Njeri alikuwa ameniambia kwamba mamake hapendi maneno mengi, hakwambii ndiyo wala hapana, jibu lake linakuja na chombo. Ukimpelekea kitu kwa kiondo au kwa kopo, angalia kinavyorudi. Kikirudi na chochote ndani, hata viazi viwili, uko sawa. Kikirudi kitupu, nenda salama. Kuna jamaa mmoja aliyemtaka Njeri kabla yangu, mtu wa benki mwenye tai, kiondo chake kilirudishwa kitupu tena kimekunjwa, na tangu siku hiyo hakuonekana Kawangware.

Kwa hivyo mnaelewa nilikuwa naenda kuchezea nini.

"Odhis, beba skonzi na jemu tu," Njeri aliniambia kwa simu usiku wa kuamkia siku ya kwenda. "Mathe alikula hizo vitu hoteli na kina mama wa kanisa, hajawai maliza kuongea juu yake. Lakini krimu wachana nayo. Chai tuko nayo."

Hapo ndipo ningepaswa kusema sawa na kulala. Lakini mimi na ujuaji wangu nikaona mtu hawezi kwenda kuomba msichana na skonzi kavu, kwamba krimu ndiyo itakayomwonyesha yule mama kuwa bintiye hakuokota mtu wa mandazi. Asubuhi nikatafuta krimu nzito ya maziwa, nikaipiga mpaka ikasimama yenyewe, nikaiweka kwa kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha. Ilifika nusu. Nikaliweka kopo kwa begi ya mgongoni, nikavaa shati jeupe, nikajiona bwana harusi tayari.

Msemaji wangu alikuwa baba mdogo Owuor, mwenye karakana ya masanduku ya chuma kule mtaa wa Laini Saba, mzee wa kujiheshimu sana ambaye siku hiyo alivaa koti la suti kwenye lile jua. Alipojua nimebeba nini alishika kichwa. "Yawa! Kwetu mtu hata hakuli mbele ya mama mkwe, na wewe ndio unaenda kumpakulia?" Nikamwambia baba, hii ni Nairobi. Akafunga kifungo cha koti kwa namna ya kusema tutaonana.

Tukachukua boda mbili. Dereva wangu alikuwa mtu mchangamfu aliyeamini kwamba lami ni ya waoga, akapita vichochoro vyote anavyovijua, na tulipoingia Kawangware tukakuta barabara imechimbwa kupitisha mabomba, mvua nayo ilikuwa imenyesha juu yake, na mbele yetu ni mashimo matupu. "Shikilia, bosi, hii ndio shortcut!" Niliruka, nikakaa, nikaruka, nikakaa, na kila nikikaa nasikia kitu mgongoni kinasema blochi, blochi. Nikajiambia ni jemu. (Jemu ilikuwa mkononi mwangu.) Pale getini nikalitoa kopo, nikalitikisa tena kwa nguvu karibu na sikio, nikasikia kama kuna kitu kinagonga ndani, na badala ya kulifungua pale pale kama mtu mwenye akili, nikalirudisha kwa begi.

Tulipokelewa vizuri. Baba Njeri, mzee mpole wa maneno machache, alitukalisha kwenye viti vyenye vitambaa vya kushonwa, na Mama Njeri akakaa mkabala nami, nguo ya samawati yenye maua, iliyopigwa pasi mpaka inakata, mikono imetulia mapajani, akiniangalia bila kuniangalia. Chai ikamiminwa. Sahani zikagawanywa. Na mimi, ambaye ningepaswa kungoja kama wageni wengine wanavyongoja, nikasimama nikasema kwa ruhusa yenu wazazi, leo nitawaandalia mimi mwenyewe.

Baba mdogo akafunga macho.

"Watu wengi wanakosea," nikaanza (nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba hii mbele ya oveni), "wanaanza kupaka krimu, halafu jemu inakuja juu. Huo ni ushamba. Jemu inatangulia, krimu inakaa juu, ionekane."

"Kule hotelini tulianza na krimu," Mama Njeri akasema, polepole. "Meza yote."

Njeri alikuwa mlangoni na trei. Akageuka na trei yake akarudi jikoni.

Kwa kutaka kuizika ile kauli haraka nikalishika kopo, nikainama juu ya meza ndogo iliyokuwa kati yetu, nikazungusha kifuniko. Kikakataa. Nikakaza. Kikakataa. Nikaweka nguvu zote nilizo nazo, zile za kukanda unga, kikaachia kwa mpigo, na kopo likapinduka: maji meupe yote yakaenda mapajani mwa Mama Njeri, kwenye ile samawati, na nyuma yake likatoka donge la manjano, kubwa kama ngumi, likatua pwaa katikati ya sahani aliyokuwa ameshika.

Ng'ombe nyuma ya ploti akalia mara moja.

"Odhiambo," baba mdogo akasema kwa sauti ya msibani, "hicho ni nini umetoa?"

Sikujua. Nawaapia, mimi mtu wa kazi ya mikate, kwa ile hofu sikujua. Nilichojua ni kwamba nimempoteza Njeri, kwamba hata lile kopo halina haja ya kurudishwa. Mama Njeri alilitazama lile donge, akaligusa kwa kidole, akanusa, akaonja. Kisha akainuka, maji yakimchuruzika, akaenda jikoni na sahani yake.

"Twende polepole kabla hajaita wapangaji," baba mdogo akaninong'oneza. Nikamwangalia Baba Njeri kama anaweza kunisaidia. Akatikisa kichwa. "Akiingia jikoni namna hiyo," akasema, "hata mimi simfuati."

Tukakaa. Tukasikia maji yanamwagwa, sufuria inawekwa, kijiko kinagonga bakuli, na sauti yake akimwagiza Njeri vitu. Aliporudi alikuwa bado na ile nguo, hajaibadilisha wala hajaifunika kwa leso, amelibeba tu lile doa kana kwamba ni sehemu ya maua, na mkononi ana bakuli lenye siagi. Siagi, jamani. Ameiosha kwa maji baridi, ameikamua, ameitia chumvi kidogo, inang'aa. Nyuma yake Njeri na skonzi zangu, zimekatwa katikati na kupashwa kwenye kikaango mpaka zikawa na rangi.

"Nikiwa msichana kule Kinangop," akamwambia baba mdogo, si mimi, "tulikuwa tunatingisha krimu kwa chupa igeuke siagi, mpaka mikono inakufa ganzi, na mama anasema bado, tingisha. Jioni yote, bado, tingisha. Na huyu kijana ameitingisha na pikipiki!"

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilianza chini kikapanda mpaka Baba Njeri akalazimika kuweka kikombe mezani, na nje nadhani wapangaji walitazamana.

Akaandaa yeye. Siagi kwanza, skonzi ikiwa moto, izame. Halafu jemu juu, kidogo tu. "Krimu ni ya kuangaliwa," akasema. "Hii ni ya kula." Akampa baba mdogo ya kwanza, na yule mzee wa mila alisitasita, akaangalia dari, akala, akaomba nyingine. Mimi nilipouma yangu nilitaka kulia. Miaka yote hiyo nimeoka skonzi na nilikuwa sijawahi kuila sawasawa. Nilimwangalia yule mama na doa lake mapajani, akipakulia watu kama hakuna kilichotokea, nikaona Njeri ametoka wapi, nikampenda mara mbili.

Lakini jibu hakutoa. Baba mdogo alisema yaliyotuleta, vizuri sana, na Mama Njeri akaitikia tu, "Tumesikia." Tukaaga. Pale getini nikakumbuka kopo, nikaogopa kuuliza, na hapo akatokea nalo, limeoshwa, limefungwa. Akaniwekea mkononi.

Lilikuwa zito.

"Ni krimu ya ng'ombe wangu. Mpelekee mamako Kibera," akasema. "Na uskie, kijana. Ikifika kwake ikiwa bado krimu, usirudi hapa."

Tangu siku hiyo nimeapa sitafungua tena chombo mbele ya wakwe kabla sijachungulia kando, na sitasema neno ushamba mbele ya mtu ambaye sijui alikula wapi. Hotuba nayo nimeacha kabisa.

Lakini ile jioni sikuwa na muda wa kuapa. Dereva wangu mchangamfu alikuwa bado pale nje. Nikapanda, nikalishika kopo kifuani kwa mikono miwili, nikamwambia, "Bosi, turudi na njia ile ile. Na tafadhali, shimo lolote usikwepe."