Choo Changu Kilikuwa Barabarani

Sijui kama kuna namna ya kusimulia jambo hili bila kuona haya, lakini kwa kuwa nusu ya mutaa wetu wa Mapendo ililiona kwa macho, heri niwaambie mwenyewe.

Asubuhi hiyo walifika watu wa serikali, wale wanaopanga muji na kufungua barabara za vijijini, wakiwa na kamba ya kupimia na rangi nyekundu. Walitaka kupanua avenyu yetu ili gari la wagonjwa lipite (mvua ikinyesha, hapa kwetu hata pikipiki inasukumwa), na mimi nilifurahi kuliko wote kwa sababu butiki ya jirani yangu, Mama Kahindo, ilikuwa imejitokeza mbele hadi barabarani na kila siku niliisema. Basi kiongozi wao, mama mumoja mupole mwenye buti, alipouliza waanzie wapi, sijui nani alinituma kujibu.

"Muanzie kwa Mama Kahindo," nikasema kwa sauti ya mutu mwenye haki. "Amekula barabara."

Wakapima. Kwake kiliguswa kibaraza tu. Kisha kamba ikanyooshwa kuja kwangu, ikapita ndani ya ukuta wangu wa mawe ya volkano, ikasimama kwenye mulango wa choo.

"Papa, hiki choo kinatumika?"

"Hapana, ni cha zamani," nikasema (uongo wa kitoto kabisa), na watu wameshajaa, na mwenye rangi ameshaanza kuchora alama mulangoni, na hapo hapo mutu akakohoa ndani.

Alikuwa baba mukwe wangu, muzee aliyetoka kijijini kwake Kiwanja kuja kutusalimia. Mulango ukafunguka, akatoka ameshika mukaba wa suruali, brashi ikamupaka begani. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Kumbe hakitumiki," muzee akaniambia pole pole. Kisha akamugeukia yule kiongozi. "Mama, muendelee na kazi. Kwetu mulipofungua barabara, migomba yangu mingi ilikwenda. Nilisikitika sana. Lakini sasa maharagi yetu hayaozi tena shambani."

Mimi nilitafuta pa kutazama, sikupaona.

Choo kilibomolewa, na kuchimba kingine kwenye mawe ya volkano si kazi ya juma moja. Mama Kahindo alimuita muke wangu akamupa ufunguo wa choo chake. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita mbele ya wateja wake na ndoo yangu ya maji, mimi niliyedhani maendeleo yanapita kwa mwenzangu tu.

Siku ya kwanza nilisimama nimuombe musamaha. Nikaanza mbali, nikazunguka, akanikatiza.

"Papa, ingia kwanza. Tutaongea ukitoka."

Tuliongea nilipotoka. Yaani yeye aliongea, mimi nilisikiliza, na alichosema chote kilikuwa kweli. Tangu hapo, mutu wa serikali akinyoosha kamba, mikono yangu iko mufukoni, na kidole changu hakimuonyeshi jirani tena.