Karanga za Karakana

Wanaosema Milimita alikufa kwa pombe wameze maneno yao. Fundi seremala yule, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hakuvumilia mlango uliopinda hata kwa unene wa ukucha, hakuonja pombe maishani. Kilichomuua ni karanga, na upumbavu wa watu wazima.

Karanga alizila tangu utotoni bila shida. Mzio ulimwanza na mvi kichwani: siku moja alizitafuna, midomo ikamvimba, mwili ukajaa vipele. Daktari akamwambia kwamba mzio wa chakula humwanza mtu hata ukubwani, na kwamba akizirudia, koo laweza kuziba. Tangu hapo hakutia kitu mdomoni bila kuuliza.

Pale karakana walikula sahani moja, na kuuliza kilichomo walikuona dharau. Aliyeudhika zaidi ni mpiga vanishi, mtu mwenye ulimi mrefu kuliko brashi yake.

"Mzee unaringa! Mzio ni wa vitoto vichanga. Wewe na mvi zote hizo?"

"Cheka utakavyo, ndugu yangu, ila karanga usinitilie."

"Haya, bwana mkubwa. Leo maharage matupu. Karibu."

Hayakuwa matupu. Alikuwa amekorogea humo karanga za kusaga, apate kuwaonyesha wenzake kwamba Milimita anajidai. Akajiona mjanja kweli.

Milimita alimeza matonge machache, akasimama, akayumba. Ulimi ulishavimba, maneno yakamtoka mazito. Shati lilinuka spiriti ya kung'arishia mbao, kama mashati yao wote. Mabingwa wale wakaangua kicheko.

"Kumbe mzee anapiga chupa kwa siri!"

Wakamlaza juu ya maranda ili pombe imtoke, wakarudi kumaliza sahani. Walipokumbuka kumtazama, pumzi ilishakatika. Hospitalini daktari aliuliza marehemu alikula nini. Wakatazamana kama mbuzi waliofumaniwa shambani, mmoja akataja karanga.

Msibani mpiga vanishi alimsogelea mjane na machozi yake ya kuazima.

"Shemeji, tuseme tu alilewa, yaishe. Tusiharibiane."

"Mume wangu hakulewa. Mlimlisha alichowakataza. Toka kwangu."

Akatoka, akaenda kuieneza hiyo pombe yake mtaa mzima. Sasa walewale walioipokea humuuliza mjane kama amemsamehe. Hilo hawajibiwi, si leo wala siku nyingine.